Hugh Trowell

Hugh Trowell (jina kamili Hubert Carey Trowell, 1904 – 1989) alikuwa daktari na mwalimu wa tiba kutoka Uingereza, na baadaye kasisi wa Kanisa Anglikana. Alifanya kazi Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30. Anakumbukwa hasa kwa utafiti wake kuhusu kwashakoo, yaani utapiamlo mkali wa watoto unaoambatana na uvimbe, na kwa mchango wake katika kueleza umuhimu wa nyuzinyuzi za chakula.

Kazi yake inawahusu wote wanaotaka kuelewa namna mwili unavyobadilika unapopewa chakula kisichotosha au chakula cha aina moja tu. Katika wodi za Mulago, Trowell na wenzake waliona kwamba mtoto anaweza kuonekana mnene huku misuli yake ikiisha, na kwamba uzito wa mwili peke yake hauonyeshi hali ya lishe.

Maisha ya awali na Kenya

Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904 na alisomea udaktari London, katika hospitali ya St Thomas's. Alimwoa Margaret Sifton, msanii na mwalimu wa sanaa. Mwaka 1929 wawili hao walihamia Kenya, ambako Trowell aliajiriwa katika idara ya tiba ya serikali ya kikoloni.

Wakati huo madaktari wengi wa kikoloni walishughulika zaidi na magonjwa ya kuambukiza, kama vile malaria, kifua kikuu na minyoo. Elimu ya lishe ilikuwa bado changa. Vitamini kadhaa zilikuwa zimegunduliwa miaka michache tu kabla, na ugonjwa ulioonekana kutokana na chakula ulidhaniwa kwa kawaida kuwa unasababishwa na upungufu wa vitamini fulani. Mawazo hayo yaliathiri kazi ya Trowell kwa miaka mingi.

Uganda na Mulago

Mwaka 1935 familia ilihamia Uganda. Trowell alifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na kufundisha katika shule ya tiba iliyoungana na Chuo cha Makerere. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa shule pekee ya kufundisha madaktari katika Afrika ya Mashariki. Wanafunzi walitoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Dar es Salaam ilipata shule yake ya tiba mwaka 1963, na Nairobi mwaka 1967.

Mke wake, Margaret Trowell, alianza kufundisha sanaa Kampala mwaka 1937, na masomo hayo yakawa chanzo cha shule ya sanaa ya Makerere, ambayo baadaye ilipewa jina lake. Kati ya wanafunzi wake walikuwemo wasanii Watanzania Sam Ntiro na Elimo Njau.

Ugonjwa wenye majina mengi

Tangu miaka ya Kenya, Trowell alikutana na watoto, wengi wao wenye umri kati ya mwaka mmoja na minne, ambao walikuwa na dalili zinazofanana. Miguu na uso vilikuwa vimevimba. Ngozi ilikuwa na mabaka meusi yaliyobanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Nywele zilikuwa zimepauka na kung'oka kwa urahisi. Mtoto alinuna, hakutaka kucheza wala kula. Wengi walikufa hata baada ya kulazwa hospitalini.

Wananchi waliujua ugonjwa huo kabla ya madaktari. Kwa Kiganda uliitwa obwosi, na ulihusishwa na mtoto aliyeachishwa kunyonya kwa sababu mama amepata mimba nyingine. Katika Gold Coast (leo Ghana), daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliueleza ugonjwa huo katika jarida la tiba mwaka 1933. Mwaka 1935 aliuita kwa jina la lugha ya Kiga, kwashiorkor, ambalo linahusu hali inayompata mtoto mkubwa mdogo wake anapozaliwa. Williams aliona kwamba watoto hao walikuwa wakilishwa uji wa mahindi na karibu hakuna kingine, akahisi kwamba walikosa protini.

Maoni yake yalipingwa na Hugh Stannus, daktari aliyeheshimiwa sana kwa ujuzi wa pelagra. Stannus alikuwa amefanya kazi Nyasaland (leo Malawi), ambako mwanzoni mwa karne ya 20 aliona pelagra kati ya wafungwa wa Zomba waliolishwa nafaka bila mchanganyiko wa kutosha. Pelagra pia huharibu ngozi, na husababishwa na upungufu wa niasini, moja ya vitamini za kundi B. Kwa Stannus, ugonjwa wa watoto wa Gold Coast ulikuwa pelagra tu.

Trowell alifuata msimamo wa Stannus. Katika maandishi yake ya miaka ya 1930 na mwanzo wa miaka ya 1940 aliuita ugonjwa huo pelagra ya watoto wachanga. Niasini ilipojulikana kuwa tiba ya pelagra mwaka 1937, ilitarajiwa kwamba watoto wa Mulago wangepona. Hawakupona. Vitamini nyingine nazo hazikuwasaidia. Tena mabaka ya pelagra hutokea hasa sehemu zinazopigwa na jua, lakini watoto hawa walikuwa na mabaka hata sehemu zilizofunikwa.

Mwaka 1945 Trowell na Dk. E. M. K. Muwazi, daktari wa Uganda, walitoa maelezo mapya wakiuita ugonjwa huo utapiamlo hatari, bila kuufungamanisha tena na pelagra. Baadaye Trowell alikubali jina la Williams. Hivyo ilipita zaidi ya miaka kumi tangu Williams aandike, na katika muda huo watoto waliendelea kupewa dawa ambayo haikuwafaa.

Kilichoonekana ndani ya mwili

Hatua kubwa ilitokana na ushirikiano wa Trowell na J. N. P. Davies, mtaalamu wa patholojia katika Mulago. Davies aliwachunguza watoto waliokufa. Mwaka 1948 alieleza kwamba kongosho, kiungo kinachotoa vimeng'enya vya kusaga chakula, lilikuwa limesinyaa. Ini lilikuwa limejaa mafuta. Chini ya uvimbe na tabaka la mafuta la ngozi, misuli ya mikono, mapaja na mabega ilikuwa imepungua sana.

Ili kuelewa matokeo hayo, ni vizuri kukumbuka kazi ya protini. Mwili hauna ghala la protini kama ulivyo na ghala la mafuta. Protini yote iliyomo ina kazi: ni misuli, vimeng'enya, kinga ya mwili na sehemu za damu. Chakula kikikosa protini, mwili huvunja misuli ili kupata malighafi ya kutengeneza vitu ambavyo haviwezi kusubiri. Kwa maneno mengine, hujilisha kwa kujila.

Utapiamlo mkali wa watoto una sura mbili kuu:
- Marasmasi: mtoto amekosa chakula cha kila aina. Mafuta na misuli vyote vimekwisha, ngozi imekunjamana na mbavu zinahesabika. Hakuna anayekosea kuona kwamba mtoto huyu ana njaa.
- Kwashakoo: mara nyingi mtoto anapata wanga, lakini chakula chake ni duni. Ana uvimbe na mashavu ya mviringo, kwa hiyo ndugu au hata mhudumu wa afya anaweza kudhani ananenepa.

Watoto wengine huwa na dalili za hali zote mbili kwa pamoja.

Madaktari wa wakati ule walieleza uvimbe kwa upungufu wa albumini, protini inayotengenezwa na ini na kusaidia kuzuia maji yasitoke kwenye mishipa ya damu. Mafuta ya ini yalielezwa kwa upungufu wa protini zinazoyabeba kutoka humo. Maelezo hayo yamerekebishwa baadaye, lakini jambo moja limebaki: misuli ya mtoto huyo imeliwa, na uvimbe unaificha.

Jambo hilo lilionekana wazi wakati wa matibabu. Mtoto aliyeanza kupona alipungua uzito kwanza, kwa sababu maji ya uvimbe yalitoka. Ndipo wembamba wa viungo vyake ulipoonekana. Mama aliyetazama mizani angeweza kuogopa kwamba mwanawe anazidi kuugua, kumbe anapona. Uzito ulianza kupanda tena baada ya siku kadhaa, safari hii kwa nyama halisi ya mwili.

Matibabu na kitabu cha 1954

Mwaka 1950 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya yaliwatuma J. F. Brock na M. Autret kuzunguka nchi za Afrika kuchunguza kwashakoo. Taarifa yao ilitolewa mwaka 1952 na kuonyesha kwamba ugonjwa ulienea katika sehemu kubwa ya bara.

Karibu na wakati huo Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilianzisha kikundi cha utafiti wa utapiamlo wa watoto huko Kampala, kikiongozwa na R. F. A. Dean. Dean alikuwa amechunguza lishe ya watoto Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mulago alitumia maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, ambayo yana protini nyingi na yalivumiliwa na watoto wenye kongosho dhaifu. Mtoto aliyekataa kula alilishwa kwa mpira mwembamba uliopitishwa puani. Vifo vilipungua sana.

Mwaka 1954 Trowell, Davies na Dean walitoa pamoja kitabu chenye jina Kwashiorkor. Kilikusanya historia ya ugonjwa, dalili, patholojia na tiba, na kwa miaka mingi kilikuwa rejeo kuu la madaktari wa nchi za joto.

Hata hivyo maziwa ya unga hayakuwa suluhisho la nyumbani. Yalikuwa ghali, na yakichanganywa na maji machafu yalileta kuhara. Mwaka 1965, baada ya Trowell kuondoka Uganda, kilifunguliwa Mulago kituo cha Mwanamugimu, ambako mama alifundishwa kumtibu mwanawe kwa vyakula vya shambani kwake. Chakula chake maarufu kilikuwa kitobero, mchanganyiko wa ndizi au chakula kingine cha wanga pamoja na maharage, karanga, samaki au maziwa.

Umetaboli unaposhuka

Mambo yaliyoonekana kwa watoto wa Mulago yanafanana kwa sehemu na yanayowapata watu wazima wanaojinyima chakula kupita kiasi, kwa kulazimika au kwa hiari.

Jaribio linalojulikana zaidi lilifanywa na Ancel Keys katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945. Wanaume 36 waliojitolea walipewa karibu nusu ya chakula chao cha kawaida kwa muda wa wiki 24. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Nguvu ambayo miili yao ilitumia wakati wa kupumzika ilishuka kwa karibu asilimia 40. Mapigo ya moyo yalipungua, walisikia baridi, walichoka na kuwaza chakula mchana kutwa. Waliporudi kula, mafuta yalirudi haraka kuliko misuli.

Sababu yake ni kwamba mwili hauwezi kutofautisha kati ya ukame na mlo wa kupunguza unene. Akiba ya sukari iliyo kwenye ini huisha baada ya siku moja hivi. Baada ya hapo mwili huchoma mafuta, lakini pia huvunja misuli ili ini litengeneze sukari kwa ajili ya ubongo. Siku zinavyokwenda, umetaboli hupungua ili akiba idumu: homoni za tezi ya shingo hushuka, joto la mwili hupungua na mtu hujongea kidogo. Misuli ikipungua, matumizi ya nguvu nayo hupungua. Ndiyo maana aliyejinyima sana mara nyingi hunenepa tena akirudia chakula chake cha zamani, na uzito unaorudi huwa na mafuta mengi kuliko misuli. Protini ya kutosha, mazoezi ya nguvu na kupunguza uzito polepole husaidia kulinda misuli.

Kushuka huko kwa umetaboli ni sababu pia ya tahadhari katika matibabu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ana moyo, figo na ini vilivyopunguza kazi. Akishindiliwa chakula kingi siku ya kwanza anaweza kufa. Kwa hiyo leo Shirika la Afya Duniani huelekeza kuanza na maziwa maalumu yenye nguvu na protini kidogo, yaitwayo F-75, kisha F-100 hali inapotulia.

Umuhimu kwa maeneo ya ndizi

Buganda ni nchi ya ndizi, na hali kama hiyo ipo sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki: Bukoba, Kilimanjaro, Rungwe na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, pamoja na kata kama Ikolo wilayani Kyela. Ndizi ni chakula kizuri cha kutia nguvu, lakini gramu 100 za ndizi za kupika zina takriban gramu 1 tu ya protini. Mtoto wa miaka miwili anahitaji karibu gramu 13 kwa siku. Ili azipate kwa ndizi peke yake angehitaji kula zaidi ya kilo moja, na tumbo lake ni dogo. Mihogo ina upungufu kama huo.

Gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya gramu 20 za protini, na dagaa wakavu wana zaidi ya gramu 40. Kwa hiyo konzi ya maharage yaliyopondwa, au usipa wa Ziwa Nyasa waliosagwa na kutiwa katika ndizi au uji, hubadilisha kabisa mlo wa mtoto aliyeacha kunyonya. Hilo ndilo wazo la kitobero cha Mulago.

Kasisi na mtafiti wa nyuzinyuzi

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Trowell alirudi Uingereza. Alipewa daraja la ukasisi na kuhudumu katika parokia ya Stratford-sub-Castle, karibu na Salisbury. Mwaka 1973 alitoa kitabu kuhusu mjadala wa kuharakisha kifo cha wagonjwa mahututi.

Hakuacha tiba. Mwaka 1960 alitoa kitabu kuhusu magonjwa yasiyo ya kuambukiza barani Afrika. Humo alionyesha kwamba magonjwa yaliyokuwa ya kawaida Ulaya, kama vile ugonjwa wa mishipa ya moyo, yalikuwa nadra kwa Waafrika aliowatibu. Mwaka 1956 yeye na mwenzake S. A. Singh walikuwa wameandika katika jarida la tiba la Afrika ya Mashariki kuhusu mgonjwa mmoja Mwafrika wa ugonjwa huo, kwa kuwa lilikuwa jambo la kushangaza wakati ule.

Baada ya kustaafu parokia alishirikiana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefahamiana naye Uganda. Walidai kwamba nafaka zilizokobolewa na sukari nyeupe huchangia unene, kisukari na magonjwa ya utumbo, kwa sababu zimeondolewa nyuzinyuzi. Mwaka 1972 Trowell alitoa fasili ya nyuzinyuzi za chakula kuwa mabaki ya kuta za seli za mimea ambayo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuyasaga. Fasili hiyo ilitumiwa na watafiti wengi. Vitabu alivyohariri na Burkitt vilitoka mwaka 1975 na 1981, na kingine mwaka 1985 pamoja na K. W. Heaton.

Margaret alifariki mwaka 1985. Hugh Trowell alifariki mwaka 1989.

Tathmini ya kazi yake

Si kila alichoamini Trowell kimethibitika. Miaka ya 1960 watafiti wa India hawakuona tofauti kubwa kati ya milo ya watoto waliopata kwashakoo na ya wale waliopata marasmasi. Mwaka 1974 Donald McLaren alidai kwamba dunia ilikuwa imekazia mno protini na kusahau kwamba watoto wengi wanakosa chakula kwa ujumla. Mwaka 2013 utafiti uliofanywa kwa watoto mapacha nchini Malawi ulionyesha kwamba bakteria wa utumbo wana mchango pia. Chanzo kamili cha kwashakoo bado kinajadiliwa.

Lakini tofauti waliyoieleza Trowell na wenzake kati ya uzito na afya inatumika kliniki kila siku. Mhudumu wa afya anayempima mtoto hubonyeza mguu kwa kidole gumba kwa sekunde chache kuona kama kishimo kinabaki, na hupima mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe, mahali ambapo kupungua kwa misuli na mafuta huonekana mapema. Mtoto mwenye kishimo katika miguu yote miwili huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali hata kama mizani inaonyesha uzito wa kawaida.